Wiki 12 za Paka Mzazi: Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba za Kupangisha, Dar es Salaam

Waheshimiwa baba zetu na mama zetu wenye nyumba,

Mimi ni mpangaji. Nimepanga Magomeni, nikahamia Mwananyamala, na sasa naishi Tabata. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe halimhusu mwenye nyumba mmoja. Linajirudia ua kwa ua, kuanzia Temeke hadi Tegeta, na kila mara uamuzi wa mwisho huwa mikononi mwenu.

Ombi langu ni hili: mpangaji anapomwokota paka aliyezaa, mruhusuni amtunze ndani pamoja na watoto wake kwa muda usiozidi wiki 12, hadi watoto wakue, mama afungwe kizazi, na wote wapate pa kwenda. Naomba pia ruhusa hiyo iandikwe kwenye mkataba pamoja na masharti yake, ili mpangaji ajue mipaka yake na ninyi mjue haki yenu.

Natambua kwamba mikataba mingi ina mstari unaokataza wanyama. Nauheshimu. Nyumba ni jasho lenu. Wengine mmeijenga kwa mafao ya kustaafu, tofali kwa tofali, na hamtaki siku moja mkute dari imechakaa na chumba kinanuka. Lakini mstari ule uliandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kufuga. Ninayemwombea ruhusa ni mlezi wa muda, mtu anayewapokea paka leo akiwa na mpango wa kuwatoa.

Hali ilivyo sasa kila mmoja wenu anaifahamu. Paka asiye na mwenyewe huingia uani usiku akitafuta mahali pakavu. Huzaa juu ya dari, au nyuma ya mtungi wa gesi, au stoo ndani ya boksi la nguo kuukuu. Baada ya siku mbili tatu mtoto wa nyumba anasikia vilio, habari zinamfikia mwenye nyumba, na agizo linatoka: kufikia jioni wasionekane. Anatafutwa kijana, watoto wanatiwa kwenye kiroba, wanakwenda kutupwa jalalani au pembeni ya soko. Mama yao hubaki akizunguka ukuta na kulia usiku kucha, chuchu zimejaa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

Niliwahi kupewa agizo hilo katika nyumba moja niliyopanga, nikachagua kuhama pamoja na paka. Aliyeniagiza aliamini kwa dhati kwamba anaondoa kero. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba agizo lile huirudisha kero ile ile, tena upesi kuliko mtu anavyodhani.

Paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65, yaani wiki tisa na ushei. Akinyang'anywa watoto, maziwa hukauka, na mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi mwili wake hurudi kwenye joto. Madume ya mtaa mzima hukusanyika ukutani, ndiyo yale makelele ya usiku mnayoyalalamikia, naye hushika mimba nyingine. Jumlisheni: wiki mbili na wiki tisa. Kiroba cha Januari huzaa kiroba cha Aprili. Na kama mmoja wa waliotupwa alikuwa jike na akanusurika, naye huanza kupata joto akiwa na miezi minne hadi sita.

Katika nchi za baridi kali, mchana unapofupika paka hupumzika kuzaa, kwa kuwa mwili wa paka jike huamshwa na urefu wa mwanga wa mchana. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo paka wa Dar es Salaam hana msimu wa kupumzika. Anaweza kuzaa wakati wa masika, wakati wa vuli na wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba anayetegemea kiroba atakuwa na kazi ya viroba maisha yake yote.

Kumfukuza mama naye hakusaidii. Kilichomleta uani ni mabaki ya chakula, panya na pembe kavu ya kulala. Vitu hivyo vikibaki palepale, paka mwingine huja kushika nafasi iliyoachwa, na huyo mgeni huwa hajafungwa kizazi. Anayeukata mzunguko huu ni paka yule yule aliyekwisha kuizoea nyumba, akiwa amefanyiwa upasuaji. Na upasuaji haufanyiki leo asubuhi kwa paka aliyezaa jana. Lazima watoto waache kunyonya kwanza. Ndiyo maana nazungumzia wiki 12.

Naomba niwaeleze wiki hizo zinavyokwenda, maana wengi wenu hamjawahi kuingia chumba cha mlezi, na giza la kutojua ndilo linalozaa hofu.

Watu wa pwani wana desturi ya arobaini. Mama aliyejifungua hutulizwa ndani, huletewa chakula cha nguvu, hukandwa kwa maji ya moto, na wageni hupunguzwa. Paka mzazi anahitaji jambo lile lile: pembe moja, utulivu, chakula cha kutosha na watu wachache. Mlezi humwandalia boksi kubwa lenye ukuta wa mbele uliopunguzwa, likatandikwa kanga kuukuu, likawekwa mahali pasipo na feni ya moja kwa moja wala sakafu baridi ya vigae. Paka akishajiona yuko salama, hatulii tu. Huacha pia ile tabia ya kuhamisha watoto kwa kuwang'ata shingoni na kuwapandisha darini. Wanaokutwa kwenye dari zenu mara nyingi walipelekwa huko na mama aliyekuwa anakimbia mateke na maji ya ndoo.

Mtoto wa paka huzaliwa kipofu na kiziwi, akiwa na uzito wa takriban gramu 100. Hawezi kujipasha joto mwenyewe. Wiki ya kwanza anahitaji mazingira yenye joto la karibu nyuzi 30, jambo ambalo Januari ya Dar inalitoa bure, lakini usiku wa Julai lazima boksi lifunikwe nusu na chupa ya maji ya uvuguvugu iviringishwe kitambaa. Hawezi hata kukojoa bila mama kumlamba. Saa 24 za mwanzo hunyonya dang'a, maziwa yenye kinga ambayo duka lolote halina. Maziwa ya ng'ombe ambayo watu wema huyakimbilia humharisha, na mtoto wa ukubwa ule akiharisha anaweza kufa ndani ya siku moja.

Kwa sababu hiyo walezi husisitiza mama na watoto wasitenganishwe. Mtoto aliyetenganishwa na mama akiwa mchanga anahitaji kulishwa kwa chupa ndogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Akiwa na mama, kazi hiyo yote inafanywa na mama, na mlezi humhudumia mama tu. Paka anayenyonyesha hula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, vichwa vya samaki, utumbo na maini ya kuku, yai la kuchemsha, maji safi muda wote. Vitunguu havimo, maana kwa paka ni sumu. Mlezi wa Dar es Salaam akiamka mapema akaenda soko la samaki la Feri, anaweza kumlisha mzazi vizuri kwa fedha ya mtu wa kawaida.

Kila siku, saa ile ile, mlezi huwapima watoto mmoja mmoja kwenye mzani mdogo wa jikoni. Mtoto mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asiyeongezeka siku nzima anaangaliwa upya: ananyonya? Ana viroboto? Viroboto wakiwa wengi hunyonya damu ya kitoto hicho mpaka fizi zinakuwa nyeupe. Minyoo nayo hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo dawa ya minyoo huanza mapema, tangu wiki ya pili au ya tatu, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Nikiwa hapa niombe jambo moja kwa yeyote anayesoma: msimpe paka paracetamol, hata kipande, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja, na msimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Vyote viwili huua.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, ya buluu kwa wote, rangi ya kweli huja baadaye. Wiki ya tatu huanza kusimama na kuyumba. Wiki ya nne hujaribu chakula laini, na hapo hapo hujifunza choo: beseni la chini lenye mchanga, mama akitangulia na wao wakifuata. Kwa kawaida mtoto wa paka hahitaji kuchapwa ili ajue kwenda mchangani. Anahitaji mchanga safi na mama wa kumwiga.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya saba ndipo tabia inapojengwa. Mtoto aliyeshikwa na mikono ya upole katika wiki hizo, akasikia redio, akasikia sufuria zikigongana, akazoea mtoto wa binadamu anayecheka, huwa paka wa watu. Aliyekulia darini bila kuguswa hutoka akiwa paka shume, anayekwaruza na kukimbia. Tofauti kati ya paka mnayempenda na paka mnayemwogopa mara nyingi ni wiki hizo tano.

Wiki ya nane watoto wengi wameacha kunyonya. Chanjo za magonjwa yao ya virusi huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata wakifikisha miezi mitatu. Maziwa ya mama yakishapungua, daktari humfunga kizazi: hutolewa ovari na mji wa mimba akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Wiki zinazobaki ni za kidonda kupona na za kuwatafutia watoto nyumba. Jumla ni 12, na mara nyingine pungufu.

Sasa nije kwenye hofu zenu, maana ni za haki na zinastahili majibu.

Kwanza, harufu na uchafu. Harufu kali ya paka mnayoikumbuka hutoka hasa kwa dume ambaye hajahasiwa anayenyunyizia kuta mkojo kuweka mipaka. Mama na watoto wadogo hawana tabia hiyo. Mchanga ukichotwa kila siku na beseni likasuuzwa kwa jiki kisha likakaushwa juani, chumba hakinuki. Mlezi asiyefanya hivyo atakuwa amevunja masharti, nanyi mtakuwa na haki ya kumwambia.

Pili, magonjwa. Kina mama wajawazito huambiwa kuhusu toksoplasma, na tahadhari hiyo ni sahihi. Lakini vijidudu hivyo vikitoka kwenye kinyesi huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Mchanga unaotolewa kila siku, na mtu asiye mjamzito akivaa glavu, huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo huleta ugonjwa huo huo. Kichaa cha mbwa ni kitu cha kutisha kweli, na paka anaweza kukipata. Niambieni basi, ni paka yupi wa kuogopwa: huyu aliyemo ndani, anayepimwa na kuchanjwa, au yule anayepigana na mbwa wa mtaani usiku kisha analala kwenye veranda yenu?

Tatu, pumu na mzio. Kuna watu ambao mate na magamba ya ngozi ya paka huwafunga kifua. Mlezi lazima awaulize wapangaji wenzake kabla, na kama yupo mwenye tatizo hilo na mlango ni mmoja, ulezi usifanyike hapo. Hili nalikubali bila kubishana.

Nne, kwamba mmoja ataleta kumi. Hofu hii ina sababu. Mimi pia nimeona nyumba ambazo huruma ilizidi nafasi, na wanyama wakateseka. Ndiyo maana napendekeza uzao mmoja kwa wakati mmoja, na uzao mwingine usipokelewe kabla wa kwanza haujatoka. Walezi makini wana sababu nyingine ya kuishika kanuni hii: kuna ugonjwa wa virusi uitwao panleukopenia, wa kutapika na kuharisha, unaoweza kuua watoto wote wa chumba na kukaa katika mazingira mwaka mzima. Kuchanganya paka wa sehemu mbalimbali ni kuualika.

Tano, imani kuhusu paka mweusi. Nawaheshimu wazee wangu, na sitaki kumdharau mtu kwa alichofundishwa akiwa mtoto. Nasema tu nilichokiona: katika uzao mmoja hutoka mweusi, mweupe na wa milia, kutoka tumbo lile lile, wakinyonya maziwa yale yale. Rangi hurithiwa kama tunavyorithi sisi rangi na urefu. Mweusi ndiye anayekosa nyumba mara nyingi, na ndiye anayekutwa amepigwa mawe. Ukuta wenu unaweza kuwa kinga yake pekee katika wiki zile ambazo hawezi kukimbia.

Labda nimtaje mmoja ili maneno haya yawe na sura. Paka wa rangi tatu, na paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, alizaa chini ya meza ya fundi cherehani katika fremu ya jirani yetu. Fundi hakuwa na moyo wa kumfukuza, wala hakuwa na mahali pa kumweka. Mama mwenye nyumba wangu wa sasa aliposikia, alisimama mlangoni kwangu, akamtazama paka kwa muda, akaniuliza maswali matatu: nani atanunua chakula, mkojo utaishia wapi, na watatoka lini. Nikamjibu yote matatu. Akasema, sawa, lakini tarehe nitaishika. Tarehe ile aliyoishika ilinisaidia kuliko huruma yoyote, maana ilinilazimisha kuanza kutafuta watu mapema.

Watoto wale wote walipata kwao. Wawili walikwenda pamoja kwa mwenye duka la nafaka aliyechoshwa na panya kutoboa magunia. Mmoja alichukuliwa na mwalimu wa shule ya msingi anayeishi na mama yake mzee. Wa mwisho, mweusi tii, alingoja kuliko wenzake, akachukuliwa na kijana wa bodaboda aliyekuja kwanza kutazama tu. Mama yao alifungwa kizazi, akakatwa ncha ya sikio akiwa bado kwenye dawa ya usingizi, alama inayowaambia watu kwa mbali kwamba huyu ameshafanyiwa, na mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyesema abaki uani. Tangu hapo hatujasikia madume yakigombana juu ya bati letu, na panya wa stoo wamepungua. Paka aliyefungwa kizazi bado ni mwindaji.

Nisisitize pia kuhusu kuwatoa, maana wapo wanaodhani ulezi ni kumgawia paka yeyote anayepita. Mlezi hamtoi mtoto kabla ya wiki ya nane, na akiweza hungoja zaidi, kwa sababu michezo na ndugu zake ndiyo inayomfundisha kutong'ata kwa nguvu. Humuuliza anayemchukua anaishi wapi, nani atakuwepo mchana, kama mwenye nyumba wake anajua. Hukubaliana naye kwa maandishi kwamba mtoto atafungwa kizazi au kuhasiwa akifika umri ambao daktari ataukubali. Hampeleki kwenye kiroba kilichofungwa. Humpeleka kwenye boksi lenye matundu au kikapu chenye kifuniko, na humshauri mwenyeji amfungie ndani wiki mbili tatu za mwanzo ili asipotee akitafuta alikotoka. Kisha hupiga simu kuuliza. Kazi hii yote huishia hapo, kwenye simu inayojibiwa na mtu anayecheka akisimulia paka alichovunja.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na inakataza kumtesa. Siitaji ili kuwatisha. Naitaja kwa kuwa kijana anayetumwa na kiroba jioni hubebeshwa kosa ambalo hakulianzisha. Dini zetu nazo zilishasema kabla ya sheria. Waislamu wanaijua habari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Wakristo wanajua kwamba kitabu cha Mithali kinamhesabu anayejali uhai wa mnyama wake katika wenye haki. Na wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa. Paka aliyechagua ua wako kuzalia amekwisha kujihesabu wa nyumba. Iliyobaki ni sisi kuamua tutaishi naye kwa utaratibu gani.

Kwa nini ombi hili lije kwenu na lisiende kwanza kwa manispaa? Kwa sababu mji huu wenye watu zaidi ya milioni 5 unaishi kwa kupanga. Anayeokota paka ni mhudumu wa hoteli, mwanafunzi wa chuo, muuguzi, fundi. Ana huruma, ana beseni, ana fedha ya dagaa. Asichokuwa nacho ni ruhusa. Ukimnyima, humficha paka chooni au chini ya kitanda kwa woga, bila hewa, bila daktari kuitwa, na hapo ndipo uchafu mnaouogopa unapotokea. Ukimpa, anafanya kazi hiyo mbele ya macho yako na kwa masharti yako.

Masharti yenyewe yanaweza kuandikwa hivi kwenye mkataba, na mko huru kuyaongeza:

"Mpangaji, baada ya kumwarifu mwenye nyumba, anaweza kumtunza kwa muda paka mzazi na watoto wake kwa kipindi kisichozidi wiki 12, uzao mmoja kwa wakati mmoja. Paka watakaa ndani ya eneo alilopanga, na wapangaji wenzake wataulizwa kwanza kama wana tatizo la kiafya. Mpangaji atagharimia chakula, usafi, chanjo na matibabu, na atatengeneza chochote kitakachoharibika. Kabla ya kipindi kwisha, mama atakuwa amefungwa kizazi na kila paka atakuwa amepata makazi. Mama anaweza kubaki uani kwa ridhaa ya mwenye nyumba."

Ni sentensi tano. Hazimlazimishi mwenye nyumba kununua kitu wala kumgusa paka. Kila gharama iko upande wa mpangaji, na ua unabaki na paka mmoja asiyezaa badala ya mfululizo wa wanaozaa. Wenye nyumba zaidi ya moja wanaweza kuanza na moja, waone mwaka mmoja unavyokwenda. Anayetaka kuhakikisha nisemayo amuulize afisa mifugo wa kata yake, au daktari yeyote wa mifugo, kuhusu paka anayenyang'anywa watoto na muda anaochukua kushika mimba tena.

Mikataba mingi ya Dar es Salaam huandikwa upya kila baada ya miezi sita au mwaka, kwa hiyo wengi wenu mtakaa mezani na wapangaji hivi karibuni. Siku hiyo, kabla ya sahihi kutiwa, ziongezeni sentensi hizo tano. Na kama paka atazaa kabla ya siku hiyo, muulizeni mpangaji maswali matatu: nani atanunua chakula, mkojo utaishia wapi, watatoka lini. Akiwa na majibu, mpeni wiki 12 na muishike tarehe. Kazi iliyobaki tutaifanya sisi.

Wenu kwa heshima,

Mpangaji na mlezi wa muda wa paka
Tabata, Dar es Salaam